Waridi Lisilo na Miiba

Kila asubuhi, kabla ya kushuka kwenda kituo cha basi, Rayhana alifungua mlango wa roshani na kumwagilia waridi la bibi yake. Familia yao iliishi Evere, mjini Brussels, ghorofa ya tatu, na waridi hilo lilikaa kwenye chungu kikubwa cha udongo karibu na kamba ya nguo. Jengo zima halikuwa na ua lililonukia kama lile. Mwezi wa sita, madirisha yakiwa wazi, jirani wa chini, Maman Marie-Claire, alikuwa akisema kwamba siku hizo hahitaji kujipulizia marashi.

Macho ya Bibi Shamimu yalikuwa yamepungua nguvu, hivyo maua aliyajua kwa pua na kwa vidole. Kila kiangazi alikusanya petali, akazianika juu ya shuka jeupe na kuzihifadhi kwenye kopo hadi Maulidi, kama mama yake alivyofanya kule Buyenzi, mjini Bujumbura.

Mwezi wa tatu Bibi alikwenda Lyon, Ufaransa, kumsaidia shangazi yake Rayhana aliyekuwa amejifungua. Kabla ya kuondoka alimshika mjukuu wake mkono, akamgusisha fundo nene lililo chini ya shina. Alimweleza kwamba matawi ya juu ya fundo ndiyo waridi lenyewe, na chini yake ni mti wa mwitu uliolibeba. Chochote kitakachochipuka chini kikatwe mapema.

Rayhana aliitikia huku macho yakiwa kwenye simu. Wiki chache baadaye aliona matawi ya juu ni membamba, yenye madoa meusi, na ya chini yananyooka, mabichi na imara. Akachukua mkasi akayakata yale dhaifu yote. Yale imara yakapanda hadi kwenye kamba ya nguo, lakini hayakutoa hata tumba moja. Ndipo akakumbuka maneno ya fundo.

Kila Ijumaa Bibi alipiga simu kuuliza hali ya waridi. Kila Ijumaa Rayhana alijibu kwamba linastawi.

Siku Bibi aliporudi, Rayhana alinunua waridi moja kwenye duka la maua. Lilikuwa zuri, lakini halikunukia kabisa. Akalifunga kwa uzi kwenye tawi la mwitu, kisha akachukua mrashi wa Bibi wenye marashi kabatini na kulinyunyizia. Kaka yake, Ilyas, alimtazama akiwa ameegemea mlango.

"Bado kulifundisha kusalimia tu," alisema.

Bibi alifika, na kabla hata ya kuvua mtandio akaenda moja kwa moja kwenye roshani. Akainama, akanusa. Vidole vyake vikateremka kwenye kikonyo, vikapanda, vikateremka tena.

"Miiba imekwenda wapi, mjukuu wangu?"

Maua ya dukani hunyolewa miiba. Rayhana hakuwa amelifikiria hilo.

"Nimeitoa, Bibi. Isikuchome."

Bibi aliachia kikonyo. "Kumbe uliyafikiria macho yangu," akasema.

Maman Marie-Claire alikuwa ameshapanda kuja kumwamkia Bibi. Aliposikia hayo, akampapasa Rayhana kichwani. "Bon, mutoto kama huyu ni baraka, maman."

Kukaripiwa Rayhana angekuvumilia. Sifa hizo hakuziweza.

"Sikutoa miiba," akasema. "Ua hili nimelinunua. Waridi lako nililikata, Bibi."

Hakuna aliyecheka, hata Ilyas. Rayhana akaeleza yote: fundo, mkasi na simu za Ijumaa. Bibi aliketi kwenye kiti cha plastiki, kisha akaomba mkasi. Akapiga magoti, akayakata machipukizi ya mwitu moja moja na kumpa Rayhana ayashike. Miiba yake ilimchoma, naye hakulalamika. Mwishowe Bibi alichukua kidole cha msichana akakiweka juu ya fundo. Palikuwa na kitu kigumu, kidogo kama punje ya mchele. Lilikuwa chipukizi jekundu.

Tangu siku hiyo Rayhana aliondoa kila kilichochipuka chini ya fundo, akatia mbolea, na kumwambia Bibi mambo yalivyo: leo kuna vidukari, leo jani moja limegeuka njano. Wiki moja kabla ya Maulidi, ua moja lilifunguka. Bibi aligusa kikonyo, akachomwa, akacheka.

"Bibi," Rayhana aliuliza, "siku ile hukujua?"

"Pua yangu haijazeeka. Marashi ya mrashi wangu niliyatambua nikiwa mlangoni. Nilikungoja useme mwenyewe." Akaanza kuchuma petali. "Kukata vibaya ni kosa la mkono, mjukuu wangu, na linatibika. Ungeniambia Ijumaa ya kwanza, ningekuelekeza kwa simu, na leo kopo lingejaa. Uongo ndio uliotumalizia kiangazi."

Petali hazikufunika hata kitako cha kopo. Bibi alilifunga, akamkabidhi Rayhana alitunze.