Sita Mara Ishirini na Tano

Simu ya Mama huingia saa kumi na mbili na robo asubuhi, shangazi Ngina akikanda unga wa chapati na mimi nikitafuta soksi ya pili. Shangazi hunipa simu bila hata kuniangalia. Tukimaliza kuongea huichukua, akaenda nayo kufulia watu nguo kule kwenye magorofa ya Nyayo Highrise, nami nikashika njia ya shule peke yangu.

Peke yangu, ndiyo. Tulipokaa mtaa wa Kongo, kule Kawangware, nilikuwa na Tracy wa mlango wa pili. Mama alipopata kazi Mombasa nililetwa hapa mtaa wa Raila, kwa shangazi, na tangu muhula uanze sijapata hata mtu mmoja wa kula naye mchana. Ni mimi na sahani yangu tu.

Mama ni mpiga mbizi. Hushuka baharini kukagua mabomba. Kule kwenye kina kirefu hawavuti hewa hii yetu. Mtungi hutiwa mchanganyiko wa oksijeni, naitrojeni na heliamu, ile gesi ya kujazia puto, ili kichwa kisilewe huko chini. Oksijeni ndiyo ya kuchunga, kwa sababu kadiri unavyoshuka ndivyo inavyozidi nguvu, na ikipita kiasi inakuwa sumu. Mtu anaweza kupata degedege majini, na hapo basi.

Hesabu yake si ngumu. Kila mita kumi ni moja, unaongeza moja ya hewa iliyo juu ya bahari, halafu unazidisha kwa asilimia ya oksijeni. Jibu lisipite mia moja na arobaini. Mama hupiga yake, nami hupiga yangu, kisha tunalinganisha.

Alhamisi moja niliamka machozi yakiwa karibu.

"Kamene, leo mita hamsini, oksijeni ishirini na tano. Iko sawa?"

Hata kuniuliza nimelalaje, wapi! Kila siku mita, kila siku asilimia. Nilikasirika.

"Iko sawa," nikasema, na kalamu sikuigusa.

"Umepiga?"

"Nimepiga, Mum."

"Haya. Nashuka saa tatu."

Somo la kwanza lilikuwa hesabu. Mwalimu Makau aliandika ubaoni swali la asilimia, nami nikajikuta naandika pembeni mwa daftari. Tano na moja, sita. Sita mara ishirini na tano, mia moja na hamsini. Nikarudia. Mia moja na hamsini! Ishirini na tano ilikuwa ya kazi ya juzi, ya mita arobaini. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kasorobo.

Nilitaka kumnong'onezea mtu, lakini nani? Nikasimama.

"Mwalimu, naomba simu yako. Nimemdanganya mamangu na anaweza kufa."

Darasa lilicheka. Mwalimu alinipa simu. Nilipiga nambari ninayoijua kwa moyo. Ikalia mpaka ikakatika.

"Piga tena," Mwalimu akasema.

Mara ya pili iliitika sauti ya mwanamume. Alikuwa Morris, msimamizi wa Mama.

"Ni Kamene! Mama asishuke!" nikapiga kelele. "Oksijeni imezidi!"

Nikamsikia akimwita Mama kwa jina, "Kaveke! We Kaveke, toka majini! Vua huo mtungi!"

Muda si muda Mama alikuwa kwenye simu, anahema.

"Ni mia moja na hamsini," nikamwambia. "Asubuhi sikupiga hesabu. Nilisema uongo."

Akauliza, "Ishirini na moja je? Piga sasa, nakusubiri."

Nikaandika pembeni mwa daftari. "Mia moja na ishirini na sita."

"Hata mimi nimepata hiyo. Rudi kwenye somo lako, mama."

Mchana Nekoye, msichana wa dawati la nyuma, alikuja na sahani yake. "Kumbe mathe wako anaenda chini ya bahari? Wacha!" Akakaa. Nikamsogezea chumvi.

Jioni hiyo, saa kumi na mbili, simu ya shangazi ililia. Mitungi ilikuwa imejazwa upya, Mama alikuwa ameshuka na kupanda salama.

"Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Nilitaja ya juzi kwa mazoea, bila kupiga yangu kwanza. Mtu mmoja hukosea, ndiyo maana tukawa wawili. Lakini wewe ukisema umepiga na hujapiga, Kamene, nabaki peke yangu kule chini, na hata sijui kwamba niko peke yangu."

Nililia. Mambo ya kuwa peke yangu nayajua mimi.

"Hukuniuliza nimelalaje," nikasema. "Huniulizi kamwe."

Mama akasema, "Hesabu hii hata Morris angenipigia, na yuko hapa karibu. Nilikuchagua wewe ili kila siku nisikie sauti yako kabla sijaingia majini. Nilidhani unajua. Lilikuwa neno la kusemwa, nami sikulisema. Tusifichane tena, mimi na wewe. Ukiwa na uchungu, niambie una uchungu. Ukiwa hujapiga, niambie hujapiga. Nitakungoja."

"Sawa, Mum. Hii ni sawa ya kweli."

"Basi weka kalamu chini. Umeshindaje leo, mwanangu?"