Njia Iliyopita Kihambani kwa Aikaeli

Tulipanda Machame saa kumi na moja jioni, mimi na Filemon, kwenda kuipima njia kwa mara ya mwisho. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi wazungu walikuwa wanakuja.

Niieleze kwanza kazi yenyewe, maana hata mke wangu hakuielewa. Miaka ishirini nimeendesha malori. Tunduma, Lilongwe, Lubumbashi, na usiku kadhaa Tarakea nikiwa na mizigo ambayo sitaitaja hapa. Miaka yote hiyo gari likinasa matopeni nilitukana, nikasali, halafu nikalia, kwa mpangilio huohuo. Kumbe nilikuwa nachezea bahati. Mwaka tisini na sita Filemon, rafiki yangu, alifungua kampuni ya utalii pale Moshi mjini, akaniambia kuna watu Ulaya wanapanda ndege ili waje wanase. Wanakuja na magari yao ya four-wheel, na wanataka njia mbovu. Nzuri wanazo kwao, wamezichoka.

"Wense," aliniambia, "wewe duniani hujui kitu kingine ila njia mbovu. Tutafutie."

Nikazitafuta. Wiki tatu nilizunguka na landrova ya Filemon, nikiwauliza wakata majani na wachoma mkaa, nikifuata njia za zamani za mikokoteni ya kahawa. Nilichokoa matope kwa fimbo kujua kina chake. Nilipima upana kwa kunyoosha mikono kama Yesu msalabani. Nyingi ziliishia jikoni kwa mtu, nikaishia kunywa mbege na kuomba radhi.

Moja tu ilifaa. Iko juu ya mfereji, kilometa moja na nusu, mwinuko wa kutoa machozi, mawe, utelezi kama wa sabuni. Katikati yake kulikuwa na kihamba, shamba la urithi na nyumba yake, kilichoachwa: nyumba imeinama, migomba haijapogolewa, na kukizunguka chote, vichaka vya masale vimesimama mstari.

"Ni cha ukoo wetu," alisema Filemon. "Hakuna mtu. Kata."

Tulikata siku mbili. Nyingi nilikata mimi, maana napenda kuonekana bado nina nguvu. Jumanne tukayachoma yote, ili njia itoke safi kwenye picha.

Sasa, mimi ni Mchaga wa Kibosho. Nimenyonya nikijua isale ni nini. Linapandwa mpakani, linapandwa kaburini. Na ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa isale hakatai, hata kama umemwua ndugu yake. Nililijua hilo kabla ya kujua Baba Yetu. Lakini nimevuka mipaka kumi na moja ya nchi za watu nikiwa na mihuri yote, na mpaka wa majani uliofika kiunoni sikuuona. Niliona vichaka vinazuia tairi.

Alhamisi hiyo, pale njia inapoanza, Filemon alishuka kuangalia kama magogo juu ya mfereji yatabeba magari. Nikabaki kwenye usukani. Akapita mama mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mektrida. Tumekua kijiji kimoja Kibosho, yeye akaolewa huku.

"Wewe Wense! Ni wewe uliyefyeka masale ya Aikaeli?"

"Aikaeli ndiye nani?"

Akamtazama Filemon kule chini. Akashusha sauti.

"Mama yake mkubwa, huyo. Mjane wa baba yake mkubwa. Mzee alipokufa, mwenzako akamtoa kihambani kwa sababu hakuzaa mtoto wa kiume. Akaenda kupanga chumba Bomang'ombe. Alipoona ugonjwa umemzidi akarudi, isale mkononi. Hakuomba kihamba, Wense. Aliomba azikwe pembeni ya mumewe. Basi."

"Filemon akasemaje?"

"Alilipokea lile jani. Akapangusia viatu."

Nilicheka. Mimi nikiogopa nacheka, ni ugonjwa wangu.

"Halafu?"

"Kafa mwezi wa tano. Wamemzika huko huko Bomang'ombe, kwenye makaburi ya wote, kama mtu asiye na kwao. Siku ile ya isale alimwambia Filemon, 'Na wewe utalitafuta.' Hakuongeza." Akauweka mzigo sawa. "Msipite pale jioni. Na kaburi la mzee liko katikati ya hiyo njia yenu, kama bado hujaambiwa."

Filemon alirudi akijipangusa mikono.

"Kaburi la baba yako mkubwa liko wapi?" nikamwuliza.

"Kaburi gani? Washa gari, giza linaingia."

Nikawasha. Nilijiambia ni kilometa moja na nusu tu. Mtu anaweza kufumba macho kilometa moja na nusu.

Ukungu ulitukuta kwenye mwinuko wa kwanza. Mweupe, mzito. Nikawasha taa. Tukapita mgomba mmoja ulioangukia jiwe kubwa, nikautumia kama alama.

Kilometa mbili.

Tukapita mgomba ulioangukia jiwe.

"Umepotea," alisema Filemon.

"Kwenye njia niliyoikata mwenyewe?"

Kilometa nne. Mgomba ulioangukia jiwe.

Kilometa sita...

Nikasimamisha gari. Nje, mahali fulani kwenye migomba, nikasikia.

Chwa.

Kimya.

Chwa.

Kama mtu anakata majani kwa panga. Taratibu. Bila haraka yoyote.

Ikaja harufu. Moshi wa kuni na siagi ya ng'ombe. Harufu ya bibi yangu, harufu ya mama yeyote wa mlimani aliyekupakata. Sijawahi kuogopa harufu nzuri kiasi kile.

"Endesha," alinong'ona Filemon. "Endesha, Wense, endesha."

Nikaondoa gari. Mbele, kwenye mwanga wa taa, alikuwa anatembea mama. Kitenge kiunoni, mgongo umepinda, ametupa kisogo. Nilikuwa gia ya kwanza. Nikaweka ya pili. Hakuongeza mwendo, nasi hatukumkaribia. Ya tatu. Mama anatembea vilevile, kama anayerudi kwake kutoka sokoni.

Nikakanyaga breki.

Hakuwepo.

Na springi za nyuma zikashuka.

Mlango haukufunguliwa. Springi zilishuka tu, kama pale mtu mzima anapokaa kitini akiwa amechoka. Mimi ni dereva, nina vioo vitatu. Sikutazama hata kimoja.

"Shikamoo, mama," nikasema. Sikujua la kufanya, nikashika adabu.

"Marahaba."

Sauti kavu. Nyuma ya sikio langu.

"Filemon."

Filemon akashika kitasa cha mlango.

"Filemon, nimefika kwangu. Mbona hunikaribishi?"

"Mama mkubwa..." Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata mazishini kwa baba yake. "Mama mkubwa, nisamehe."

"Kwa mkono mtupu?"

Filemon akausukuma mlango, akaruka nje na tochi. Niliona mwanga wake ukikimbia ardhini. Kisiki cha isale. Kisiki. Kisiki. Mstari mzima wa visiki, vyote vimekatwa kwa mshazari, vizuri kabisa. Kazi ya mikono yangu. Kisha jivu la Jumanne. Akapiga magoti, akaanza kulichambua jivu kwa vidole.

"Wense! Yako wapi? Yalikuwa hapa! Yalikuwa hapa hapa!"

Nyuma yangu, hakukuwa na haraka.

"Na wewe wa Kibosho. Panga lilikuwa mkononi mwako."

Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta rozari, nikatoa koleo. Nimeendesha nusu ya Afrika na rozari, siku ninayoihitaji ninashika koleo. Nikainua macho kumwomba Mungu hivyo hivyo...

Kwenye waipa, nje ya kioo, lilikuwepo jani.

La isale. Refu kama mkono kutoka kiwiko, limenasa tangu Jumanne, bado lina kijani katikati. Nikapitisha mkono dirishani, nikalivuta. Vidole vyangu vikafunga fundo kabla sijavituma. Fundo pekee wanalolijua: la kufungia turubai la lori, mizunguko miwili, kitanzi kinaingia ndani.

"Wense!" Filemon alikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu, kichwa kimeinama kwenye jivu. "Wense, umeona hata moja?"

Nilikuwa na moja.

Lilikuwa refu. Ningeweza kulichana katikati. Ningeweza kumwita. Ningeweza hata kumtupia lote, maana mimi nilikata bila kujua na yeye ndiye aliyekuwa anaombwa kitu.

"Sijaona!" nikajibu.

Nikalipitisha jani juu ya bega langu. Vidole vikalipokea. Vya baridi, vimelowa udongo.

"Nimepokea. Nenda."

Springi zikapanda.

Niliondoka, Mungu anisamehe, mlango wa Filemon ukipigapiga. Hatua mia mbili nikatokea barabarani. Saa ya kilometa ilikuwa imesoma moja na nusu. Kule nyuma, kwenye ukungu, tochi ilikuwa inazunguka, inazunguka. Kisha ikasimama. Nikasikia.

Chwa.

Nilirudi na watu na karabai, wanaume kumi na mchungaji. Tulimkuta amekaa katikati ya njia, pale lilipokuwa kaburi, mzima, hana kucha hata moja. Hospitali wakasema malaria imepanda kichwani. Ndugu zake wakasema ni pombe. Mektrida alipita tu na majani yake. Jumamosi wazungu walipofika niliwaambia njia mbovu imefungwa kwa matengenezo. Hawakuelewa kama natania. Hata mimi sikujua.

Ni miaka saba sasa. Kampuni ilikufa. Filemon anaishi kihambani kule, peke yake, kwenye ile nyumba iliyoinama. Kila siku anapanda masale. Isale ukilitupa kando ya barabara linaota, hata mtoto anajua. Ya kwake siku ya tatu yanakuwa ya njano, ya nne yanaanguka. Watu kwa huruma humpelekea majani kutoka kwao. Hulifunga fundo kila moja, hulipeleka kaburini kwa Aikaeli, akikaa kidogo hurudi nalo.

"Hapokei," anasema. Basi.

Ninamtembelea kila Krismasi. Nampelekea sukari na nyama, namtania kidogo, anatabasamu kidogo. Na kila mwaka, ninapoaga, ananishika mkono kwa vidole vile.

"Wense, ndugu yangu. Wewe siku ile ulitokaje? Ulilipata wapi jani?"

"Jani gani, Filemon? Nilikimbia tu."

Juzi ameniuliza tena. Nikamjibu vilevile, maana uongo wa miaka saba unatoka wenyewe, kama salamu.

Jana asubuhi nimeshuka na ndoo kuosha gari. Gari jipya kabisa, Filemon hajawahi kulikalia, wala ile landrova ya usiku ule haikuwa yangu. Nikafungua mlango wa nyuma. Harufu ya moshi na siagi ikanipokea. Na kitini kulikuwa na jani la isale. Kavu, rangi ya tumbaku. Limefungwa.

Mizunguko miwili, kitanzi kinaingia ndani.

Nimekaa nalo mkononi mpaka jua likawaka. Fundo lile halifungwi na mtu mwingine mlima huu mzima. Limerudishwa.

Basi nimeamua. Kesho napanda Machame. Nitampelekea Filemon isale langu, nitamwambia nililokuwa nalo mkononi wakati yeye anachambua jivu. Akitaka alipangusie viatu, haki yake. Uzuri ni kwamba masale ninayo, siku hizi mpaka wangu wote hapa Kibosho nimeupanda mwenyewe, mstari mrefu mzito wa kijani ambao majirani wanausifu.

Jioni hii nimetoka kwenda kuchuma.

Mstari wote umekuwa wa njano.