Mahali Wimbi Linapokata Mstari

Cha, cha, cha. Bibi Luciana alikuwa akipepeta mchele uani, na majogoo wa Mlabani walikuwa bado hawajawika. Jenifer alikuwa macho. Alitandaza karatasi ya manila mezani, akawasha taa na kuutazama mchoro wake kwa furaha.

Ulikuwa mchoro wa kosaini: wimbi linaloanzia juu, likashuka chini ya mstari wa mlalo, kisha likapanda tena. Mwalimu Masalu aliwaagiza walirefushe kimo mara mbili, walishushe lote hatua moja, kisha waonyeshe linakata mstari wapi. Jana aliusifu mchoro wa Jenifer mbele ya kidato cha nne kizima. Yeye ndiye angeiwakilisha shule kwenye mashindano ya hisabati, Morogoro. Evod, aliyemfuatia kwa alama, alicheka tu. "Wangu umepinda kama mkia wa mbuzi," alisema.

Bibi aliingia na ungo wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Mbona mchoro huo kama mto wetu kule Mofu?"

"Kweli, bibi. Tuseme mstari huu ni ukingo. Hapa juu maji yamejaa mashambani, hapa chini yamerudi mtoni."

"Na mwaka wa mvua haba?"

"Wimbi lote linashuka."

"Ndiyo hivyo. Maji hutoka mashambani mapema, na kurudi yanachelewa."

Bibi alirudi uani. Jenifer aliutazama tena mchoro, akaliona kosa. Wimbi alilishusha, lakini mahali pa kukata mstari alipaacha palepale pa zamani, nyuzi tisini na nyuzi mia mbili sabini, mkono wake ukalipinda wimbi lipite hapo. Alijaribu tisini. Kosaini yake ni sifuri; mara mbili, sifuri; ukitoa moja, hasi moja. Pale wimbi lilikwisha kuzama chini ya mstari. Majibu sahihi, pale kosaini ni nusu, yalikuwa sitini na mia tatu, kama aliyoandika Evod.

Machozi yalimlengalenga. Aliitaka sana safari ile.

Alimkuta Evod kwenye lango la shule, akamweleza.

"Nyamaza bwana," Evod alisema. "Mwalimu kasharidhika. Unajichongea?"

"Nafasi ni yako."

"Mchoro wangu hata mimi unanitisha."

Jenifer alikwenda ofisini, akasema yote. Mwalimu Masalu alipiga hesabu mwenyewe.

"Nami nilitazama uzuri wa wimbi nikasahau kupima majibu," alisema. Darasani alimwita yeye na Evod. "Njooni ubaoni nyote wawili. Leo lirefusheni mara mbili, kisha lipandisheni hatua moja."

Evod alichora haraka, akaandika sitini na mia tatu kama jana. Jenifer hakumtazama. Wimbi limepanda, aliwaza, basi maji yatakawia mashambani. Aliandika mia moja ishirini na mia mbili arobaini. Kisha akazijaribu mbele ya wote: kosaini ni nusu hasi, mara mbili, hasi moja, ukijumlisha moja, sifuri. Zote mbili zilikubali.

Darasa lilipiga madawati kwa shangwe. Evod alikuwa wa kwanza kucheka. Alimpangusa Jenifer vumbi la chaki begani.

"Nenda bwana," alisema. "Ukirudi, unifundishe."

Jioni Mwalimu Masalu alifika nyumbani kuomba ruhusa ya safari. Bibi alimwekea wali na kambale, akasikiliza habari yote hadi mwisho, kisha akamshika mjukuu wake mkono.

"Nafasi ya jana ulipewa, mama. Ya leo umeipata mwenyewe. Kosa ukilikubali, unapata nafasi ya kulirekebisha. Ukilificha, unalibeba mpaka Morogoro."

Mwalimu alinyanyuka kuaga. Bibi alitazama sahani yake, akatikisa kichwa.

"Umekula kidogo mno, mwalimu. Uje tena, na huyo Evod uje naye."