Mizani ya Kahawa

Siku Aminiel Sumari alipomwona Aikande kwa mara ya kwanza, Aikande alikuwa amevaa magauni manne kwa mpigo. Alisimama juu ya meza ya mitumba katika soko la Kilombero, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakati Arusha nzima inapomwagika sokoni na hakuna pa kuweka mguu. Mwenye meza, Nasri, alipiga makofi na kupayuka, "Ona linavyokaa, dada! Ona linavyokaa!" Kila Aikande alipovua gauni moja, chini yake palikuwa na lingine, nalo limemkaa kama alishonewa yeye. Wanawake walinunua wakiamini kwamba na wao yatawakaa hivyo. Hayakuwakaa, lakini kufikia hapo Nasri alikuwa ameshatia hela mfukoni.

Aminiel alikuja kutafuta koti. Ndiyo kwanza ameajiriwa katika ofisi ya utamaduni ya mjini, ile inayotoa vibali vya ngoma na maonyesho, na aliamini afisa bila koti si afisa. Akavuta moja la kijivu kutoka kwenye lundo.

"Kaka, hilo rudisha," Aikande akamwambia kutoka juu. "Ni la marehemu mnene."

"Umejuaje kama ni marehemu?"

"Angekuwa hai angelitoa koti zuri hivyo?"

Aminiel akacheka mpaka koti likamponyoka. Akainua macho amtazame vizuri. Alikuwa msichana mrefu, shingo ndefu, rasta zake zimefungwa kitambaa chekundu, na sasa magauni yalipokwisha alibaki na suruali ya jinzi na fulana ya kijani. Aminiel alimpa mkono ashuke, akashtuka msichana alivyo mwepesi.

"Wewe unakula kweli?"

"Nakula. Kwani leo unalipa wewe?"

Alilipa yeye, koti la kijivu ameshalinunua. Aikande alikula mshikaki mmoja, akausifia sana, kisha sahani yote iliyobaki akamsogezea Aminiel huku akimtania kwamba koti la marehemu linahitaji kujazwa. Aminiel akala akifurahi. Wanaume wakipendwa huwa hawaoni kitu.

Mapenzi yao yalikua kwenye simu ya Mama Batuli. Huyo ndiye aliyekuwa na nyumba kule Sakina ambako Aikande alipanga chumba, na simu yake ilikaa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kila jioni Aminiel alipiga kutoka ofisini, wenzake wakishaondoka.

"Shikamoo, Mama Batuli."

"Marahaba, mkwe. Leo umechelewa, mwenzio kakodolea simu macho mpaka inaona aibu."

"Mama, muongo!" Aikande alisikika kwa nyuma. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Haloo, Afisa."

"Haloo, mpenzi. Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Maswali yako."

Alikuwa hajala. Tangu Madam Agnela amchague kwa onyesho lake la mavazi, Aikande alikuwa akiishi kwa chai ya rangi na chungwa. Miaka ile soko lilikuwa limefunguliwa, hoteli mpya zinaota kila kona, televisheni zimeingia, na mashindano ya urembo yaliyokuwa yamepigwa marufuku zamani yamerudi kwa fujo. Madam Agnela alikuwa mbunifu wa mavazi, mwenyeji wa Moshi aliyerudi kutoka ng'ambo na mabegi ya vitambaa. Magauni yake yote aliyakata kwa kipimo kimoja, na kiuno cha kipimo hicho kingembana hata mtoto wa darasa la nne. Asiyeingia alirudi kwao. Kulikuwa na mama mmoja anakuja kutoka Nairobi kuchagua wasichana wa kwenda kufanya kazi huko kwa mkataba, na Aikande aliutaka mkataba ule kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa amechoka kusimama juu ya meza ya Nasri.

Jumapili moja, nyumbani kwa Aminiel kule Moshono, Aikande alikuwa akianika shuka wakati mikono ilipomlegea akaanguka chini ya kamba. Aminiel alimbeba kama anabeba nguo zile zile zilizofuliwa.

"Ni jua tu," Aikande akasema alipopata fahamu.

"Jua gani? Kuna mawingu! Aika, unakufa njaa kwa ajili ya gauni!"

"Nakufa njaa kwa ajili ya kazi. Wewe ulipokuwa unasoma usiku kucha kabla ya mtihani, nani alikwambia unakufa usingizi?"

"Si sawa."

"Kwa nini si sawa?"

Swali hilo lilimkera mno. Siku iliyofuata aliingia ofisini na hasira zake, akaandika pendekezo la sheria ndogo: msichana yeyote asiyefikisha uzito unaolingana na urefu wake asipande jukwaani. Mkuu wake alilipenda. Akasema lijaribiwe kwenye onyesho la Madam Agnela, kisha kamati ya madiwani italiangalia.

Sasa hapa ndipo ninapomkasirikia Aminiel. Alimwambia mkuu wake, alimwambia mwenye hoteli, akamwambia hata mlinzi wa getini. Aikande peke yake ndiye ambaye hakumwambia. Alidhani akimwambia watagombana. Alifikiri sheria ikishasema, itakuwa imesema sheria, si yeye.

Tena mizani akaikosa. Ya hospitali ilikuwa mbovu. Akakumbuka ya baba yake. Mzee Sumari alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, juu kidogo ya Kikatiti, na tangu Aminiel akiwa mdogo alimwona akipima kahawa ya watu. Mizani ile ilikuwa na sahani ya chuma ya kusimamisha gunia, na pale chamani kulikuwa na desturi moja isiyovunjwa: uzito hutangazwa kwa sauti, foleni nzima isikie, ili mkulima asije akasema kaibiwa. Kwa Aminiel hakukuwa na haki iliyo safi kuliko hiyo. Akaiazima, akaipakia kwenye pikapu, akaishusha kwenye ukumbi wa hoteli mchana wa onyesho, mbele ya wapambaji, wahudumu, waandishi wa magazeti na mama wa kutoka Nairobi.

Aikande alitoka chumba cha kubadilishia amevaa gauni la dhahabu lililomwagika mpaka chini, midomo imepakwa rangi ya zambarau. Alikuwa mzuri mno hata wahudumu walisahau glasi mikononi. Akamwona Aminiel, akatabasamu. Kisha akaiona mizani.

"Hii ni nini?"

"Ni utaratibu mpya. Kila mmoja. Panda tu, Aika, ni dakika moja."

Alipanda, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Na Aminiel, mtoto wa karani wa mizani, akasogeza jiwe kwenye mkono wa chuma, akainama, akasoma, na bila kufikiri akatangaza kama alivyosikia ikitangazwa maisha yake yote.

"Arobaini na mbili! Toa nusu ya viatu! Arobaini na moja na nusu!"

Aikande alimzidi urefu Aminiel kwa vidole viwili. Mpambaji mmoja akamnong'oneza mwenzake, na ingawa alinong'ona, kila mtu alijua ananong'ona nini. Miaka ile mtu akikonda, watu hawakufikiria gauni. Walisema kakanyaga waya, ana ukimwi, kisha wakaanza kuhesabu wapenzi wake.

Mama wa Nairobi akafunga mkoba wake taratibu.

Aminiel alimfuata Aikande mpaka nyuma ya jiko la hoteli. Alimkuta amejikunja kwenye kreti la soda, gauni la dhahabu limeburuta kwenye maji ya kuoshea vyombo.

"Nilitaka kukulinda," Aminiel akasema.

"Umenitangaza kama gunia!"

"Pale chamani ndiyo haki, Aika. Kila mtu asikie."

"Mimi ni kahawa? Nimeletwa kuuzwa?" Aikande akasimama. "Haya, sheria yako nzuri. Inampima nani? Mimi! Aliyekata gauni lisilopita kiuno cha binadamu kakaa kiti cha mbele anakunywa juisi. Yeye mbona hukumpandisha? Gauni mbona hukulipima?"

"Lakini ungekufa."

"Sasa nimekufa. Waulize waliomo humo ndani."

Aliondoka na lile gauni mwilini, miguu mitupu, viatu mkononi.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele. Huko Sakina, Mama Batuli, mwanamke mwema asiyekosa swala, alimnunulia Aikande kikombe chake peke yake. Alikiweka kwenye kabati, mbali na vingine. Aikande alikiona, akaingia chumbani, akalia huku ameziba mdomo kwa mto. Nasri naye alimwambia kistaarabu kwamba wateja wanaogopa kuvaa magauni aliyoyavaa yeye. Madam Agnela peke yake ndiye aliyemhitaji bado. Alimtumia ujumbe kwamba kuna onyesho jingine, na kwamba kiuno kimepunguzwa kidogo.

Aminiel alipiga simu kila jioni.

"Hayupo," Mama Batuli alijibu.

"Mama, namsikia anakohoa."

Akajua mara moja kwamba amekosea. Upande wa pili Mama Batuli akasema chini chini, "Anakohoa, eeh? Mwanangu, na wewe ukapime."

"Mama Batuli! Aikande haumwi! Ana njaa! Hajala miezi, kwa ajili ya gauni la watu! Kakohoa kwa kulia tu!"

"Njaa?"

"Njaa, mama. Njaa ya kujitakia."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukajua ni njaa, ukaenda kumpayukia kilo zake mbele ya watu, na mimi hapa nimemtengea kikombe?" Sauti ya Mama Batuli ilikuwa inatetemeka. "Simu hii usiipige tena mpaka uwe umefanya jambo la maana."

Alijaribu. Kwenye kamati alisimama na koti lake la kijivu akaomba pendekezo libadilishwe: wasichana wapimwe na daktari, chumbani, mlango umefungwa, mbunifu akate gauni kwa mwili wa msichana, si kinyume chake, na siku ya mazoezi waandaaji watoe chakula. Diwani mmoja aliuliza kama sasa halmashauri itaajiri wapishi. Mwingine akasema huko kwao msichana mwembamba hapimwi, anapelekwa kwa bibi yake anywe maziwa. Wakacheka sana. Jambo likaahirishwa. Aminiel akatoka na makaratasi yake akitamani kumng'ata mtu.

Lililobaki lilikuwa kurudisha mizani, kwa sababu msimu wa kununua kahawa ulikuwa umeanza na baba yake alishamtumia salamu tatu za ukali.

Mama Batuli, aliyeambiwa na Aminiel mlangoni, ndiye aliyempa Aikande habari za safari hiyo ya mizani, siku alipokitupa kile kikombe jalalani mbele ya macho yake na kumwomba radhi. Na Aikande akaamua. Kwao, kijana akikuharibia, unamshitaki kwa mzazi wake. Akavaa gauni la kitenge la heshima, akajifunga kilemba, akapanda mpaka chamani.

Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wameketi juu ya magunia yao. Mzee Sumari alikuwa na kisirani. Wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa kijijini na mizani zao za kuning'iniza, wanawarubuni wanachama wake, na ya kwake ndiyo kwanza inashushwa kwenye pikapu.

"Shikamoo, baba," Aikande akasema.

"Marahaba. Una kahawa?"

"Nina mashitaka. Mwanao alinipima kwenye hii mizani mbele ya ukumbi mzima, akatangaza uzito wangu. Watu wakasema naumwa. Nimekosa kazi."

Foleni ikatega masikio. Mzee Sumari akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa ameshika mkono wa chuma na hajui auweke wapi.

"Ulimpima mtu? Kwenye mizani ya chama?"

"Baba, ilikuwa ni kwa..."

"Nataka na yeye apimwe," Aikande akasema. "Hapa hapa."

"Binti, nina watu wanasubiri," mzee akanung'unika. Kisha akawatazama wanawake wa foleni, na nyuso zao zikampa jibu. "Haya panda upesi."

"Mbele ya watu, baba?"

"Yeye alipimiwa wapi?"

Aminiel akapanda. Mzee akasogeza jiwe, akalisogeza tena, akalisogeza tena. Akakaza macho, akatoa sauti yake ile inayofika mpaka barabarani.

"Themanini na tisa! Toa moja ya koti! Themanini na nane!"

"Mama yangu!" mwanamke mmoja akasema. "Na ufupi huo!"

"Afisa huyo. Ndiyo ushuru wetu huo!"

"Mgeuzeni tuone kwa nyuma!"

Kicheko kikapita foleni nzima, kikarudi. Aminiel alisimama juu ya chuma akihisi kitambi chake kila upande, kitambi ambacho hajawahi kukifikiria. Masikio yalimwaka. Akamtazama Aikande, akadhani atamkuta anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama tu, macho yamejaa maji.

"Sasa nimejua," Aminiel akasema.

"Hujajua nusu. Wewe wamekuita mwenye shibe. Mimi waliniita maiti."

"Nisamehe, Aika."

"Shuka. Watu wana kahawa."

Waliketi kwenye kibanda cha mama ntilie pembeni ya ghala, juu yao Mlima Meru umejifunika mawingu. Aminiel akamweleza habari za kamati, wapishi na maziwa ya bibi.

"Kwa hiyo imeahirishwa."

"Imeahirishwa."

"Na Madam Agnela ananiita Ijumaa. Gauni limepunguzwa tena."

Maneno yalimfika Aminiel kooni: usiende, nakukataza, nitakuoa. Akayameza yote, na yalimuuma kweli kweli. "Utakwenda?"

"Sijui. Kazi naitaka, Aminiel. Usidhani siitaki."

Mama ntilie akaleta mtori wa ndizi na nyama, mabakuli mawili, mvuke unapanda. Aikande akalishika la kwake kwa mikono miwili, akalinusa. Akachota kijiko kimoja. Macho ya Aminiel yakashuka kufuata kijiko, yakaingia kwenye bakuli kuona kimebaki kiasi gani.

"Usiangalie bakuli langu," Aikande akasema. "Niangalie usoni."

Akainua macho. Akayaweka usoni kwake, kwenye kilemba, kwenye nyusi, kwenye ule mdomo uliomtania siku ya kwanza, na hakuyashusha tena. Nje, baba yake alikuwa anatangaza gunia la mtu mwingine. Alisikia kijiko kikigonga bakuli, kikanyamaza, kikagonga tena, na hakuhesabu.