Mke Mwenza wa Mbao

Haya yalimpata shoga yangu, mshona matanga, nami nayasema kama alivyonisimulia. Yeye na mumewe waliishi ndani ya boti ya tanga, wakihama kisiwa hadi kisiwa. Kila siku palikuwa na kitu cha kutengeneza, na mume alikuwa na mikono ya huruma kwa boti tu. Aliipaka vanishi huku akiisemesha kwa sauti ya chini, "Tulia, mpenzi wangu." Shoga yangu, ambaye hajaitwa mpenzi tangu harusi, aliona wivu kama wa mke mwenza.

Mchana mmoja mume alikwenda ufukweni kwa mtumbwi kununua oili ya injini. Shoga akafungua mfuniko wa sakafu ili apige pampu, ayatoe maji yaliyovuja. Chini kulikuwa giza totoro, maji yakigonga mbao, ko, ko. Hasira zikampanda, akainama akasema, "Mke mwenza, una nini wewe ambacho mimi sina?"

Maji yakanyamaza. Kutoka gizani akasikia sauti ya mumewe, ileile ya chini: "Nyamaza, mpenzi. Atatusikia."

"Mume wangu, umerudi saa ngapi?"

Akapanda juu mbio. Mumewe alikuwa bado kule ufukweni, dumu mkononi, akimpungia.

Ndipo chini ya sakafu sauti ya mwanamke ikauliza, taratibu kabisa, "Ameshatoka?"