Saa Mbili Kwenye Kamba Moja

Mimi ni fundi cherehani, lakini magauni sishoni. Nashona mavazi ya wapiga mbizi. Goti likichanika, vazi linaletwa kwangu. Zipu ikigoma, linaletwa kwangu. Kamba yetu ya kuanikia imejaa mavazi meusi ya mpira, yananing'inia kama watu wasio na vichwa. Wageni hushtuka. Sisi tumezoea.

Mume wangu ni mpiga mbizi. Alizamia baharini miaka kumi na minane. Sasa tumehamia huku bara, na anafanya kazi kwenye bwawa linalopeleka maji mjini. Chini ya bwawa kuna bomba kubwa, na mdomoni mwa bomba kuna wavu wa chuma. Wavu ukiziba, mji mzima unakaa bila maji. Kazi ya timu yake ni kushuka na kuusafisha.

Binti yetu, kifungua mimba wangu, alikuwa anajifunza kazi hiyo hiyo, na kiongozi wake alikuwa baba yake. Alibakiza siku chache tu apewe cheti. Timu ile haijawahi kuwa na mwanamke. Nilishaanza kumshonea vazi lake mwenyewe, lenye mstari wa njano mabegani. Acheni nijisifu, mwana ni wangu.

Jumatatu walirudi nyumbani kimya. Kwa kawaida hurudi wakibishana na kucheka hadi jirani anajua wamefika. Siku hiyo waliweka vifaa kwenye beseni la maji safi, wakaanza kuvisuuza, kila mtu na lake.

"Kulikoni?" niliuliza.

"Muulize binti yako," alisema mume wangu.

Hapo nikajua kuna jambo. Akifanya vizuri ni binti yake. Akikosea ni wangu.

Binti alifuta mikono. "Mama, wanataka kunifuta kazi."

"Wee! Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimeandika nilichokiona."

Akanieleza. Kila mpiga mbizi huvaa mkononi kikompyuta kidogo. Sisi tunakiita saa ya mbizi. Kinaonyesha umeshuka mita ngapi na umebakiza muda gani wa kukaa chini. Ukitoka majini, unaandika kina chako kwenye daftari la kazi. Na sheria ya timu ni kali: anayejifunza asishuke chini zaidi ya kiongozi wake, hata kidogo.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, walishuka pamoja hadi kwenye wavu, bega kwa bega. Saa ya baba ilisema mita kumi na tisa na nusu. Saa ya binti ilisema ishirini pointi moja.

"Msimamizi akaona daftari," alisema binti. "Akasema nimemzidi Baba kwa zaidi ya nusu mita. Ijumaa anapeleka jina langu lifutwe."

"Nilimwambia aandike kama yangu, yaishe," alisema mume wangu. "Akakataa mbele za watu! Saa yangu nimeivaa miaka yote hiyo baharini. Haijawahi kunidanganya. Kama saa yake inasema ishirini, basi aliteleza akashuka bila kujijua."

"Baba, ulikuwa umenishika mkono!"

"Usinijibu hivyo."

"Sikujibu vibaya, Baba. Nasema ulikuwa umenishika mkono."

Mume wangu aliinua saa yake, akaikodolea macho. Nilimwona amekwama. Akiiamini saa, mtoto ni mzembe. Akimwamini mtoto, saa yake kipenzi ina kasoro. Na mimi nilikasirika, tena sana. Nikatupa futi yangu ya kushonea mezani, nikaenda kubisha hodi kwa jirani.

Jirani yetu ni fundi wa vifaa vya kupigia mbizi. Watu wanamwita Miwani, kwa sababu ana miwani mbili: moja machoni, moja kwenye paji la uso. Na bado kila asubuhi anaitafuta miwani.

Alikuja, akaziangalia zile saa, akaguna.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, "unafikiri saa hii inapimaje kina? Ina futi ndani?"

"Inapima tu. Ndiyo kazi yake."

"Haipimi mita. Inapima jinsi maji yanavyoikandamiza. Ukishuka, maji juu yako yanaongezeka, yanakukandamiza zaidi. Saa inasikia mkandamizo huo, halafu inapiga hesabu: kwa mkandamizo huu, lazima niko mita fulani."

"Sasa zote mbili zinasikia maji yale yale," nilisema. "Kwa nini zisikubaliane?"

"Hesabu ndiyo inayotofautiana. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji ya bwawa; mkandamizo ule ule baharini unaupata kwenye kina kifupi zaidi. Kwa hiyo saa lazima ijue iko kwenye maji gani. Tusibishane kwa mdomo. Mna kamba?"

Kamba tulikuwa nayo. Miwani aliagiza tuiloweshe kwanza na kuivuta kwa uzito, maana kamba kavu ikilowa hubadilika urefu. Halafu kazi ikawa yangu. Nilichukua futi yangu, nikapima mita moja moja, na kila mita nikashona uzi mwekundu. Nilishona mita ishirini. Mtu asiniambie kazi ya cherehani haifiki chini ya bwawa.

Kesho yake asubuhi tulipanda boti ya kazi. Miwani alifunga saa zote mbili kwenye mwisho wa kamba, upande kwa upande, kimo kimoja. Chini yake akafunga jiwe. Tukazishusha hadi uzi wangu wa ishirini ukagusa maji. Tukasubiri, tukavuta. Saa hizi hukumbuka kina kikubwa zilichofika.

Saa ya baba: kumi na tisa na nusu.

Saa ya binti: ishirini kamili.

Binti aliinamisha uso akalia. Hakuwa na huzuni. Alikuwa amechoka kubisha peke yake.

Miwani alibonyeza vitufe vya saa ya baba. "Ona hapa. Imepangwa maji ya chumvi. Inadhani bado uko baharini."

"Kumbe imenidanganya," alisema mume wangu polepole.

"Haijakudanganya, shemeji. Hukuiambia kwamba mmehama."

Hata binti alicheka. Miwani akaipanga saa kwa maji yasiyo na chumvi, tukazishusha tena. Safari hii moja ilisema kumi na tisa pointi tisa, nyingine ishirini.

"Bado hazijalingana!" nilisema.

"Hiyo tofauti ndogo ni ya kawaida. Usiitafutie mchawi. Hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Tena majini, aliyeshusha mkono kusugua wavu ataonekana yuko chini kidogo kuliko mwenzake. Ikizidi mita moja kwenye kamba moja, hapo ndipo mniletee."

"Zikitofautiana tukiwa chini, tufuate ipi?" aliuliza binti.

"Ya tahadhari. Inayosema mko chini zaidi, na inayotoa muda mfupi zaidi. Mkikaa chini mno au mkipanda haraka, hewa iliyoingia mwilini inageuka mapovu. Mtu anaweza kupooza. Na msiazimane saa siku ya kazi. Saa inakumbuka mbizi za aliyeivaa, na kwa hizo inakadiria hewa iliyobaki mwilini mwake."

Ijumaa mume wangu alivaa shati la pasi. Tulikwenda wote ofisini kwa msimamizi. Mume wangu alishika kamba yangu mkononi.

"Bosi, kosa ni langu," alisema. "Saa yangu ilikuwa imepangwa kwa maji ya bahari. Binti yangu hakunizidi. Mimi ndiye niliyemwambia aandike uongo, naye akakataa. Kama kuna jina la kufutwa, anza na langu."

Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumsikia akikiri kosa kwa pumzi moja. Nilitaka kumkumbatia pale pale.

Msimamizi alikagua saa, akakagua kamba. Kisha akamgeukia binti. "Kwa nini hukuandika kama baba yako? Ungeepuka haya yote."

"Siku nikipata shida kweli, mtanitafuta kwenye daftari," alisema binti. "Nikiandika uongo, mtanipata wapi?"

Msimamizi alichukua barua aliyoandaa, akaichana vipande viwili.

Sasa kamba yangu inatundikwa kwenye boti ya kazi. Kila mwezi saa zote za timu zinashushwa pamoja. Kabla ya kuzamia, kila mtu anasema kwa sauti saa yake imepangwa maji gani. Binti ana cheti, na vazi lenye mstari wa njano limemkaa sawasawa.

Juzi nilipeleka zipu kule bwawani, nikachungulia daftari. Kuna safu mpya: saa iliyofuatwa. Binti alikuwa ameandika kina chake. Chini yake, kwa mwandiko mkubwa wa mume wangu, yule asiyekubali kushindwa, palikuwa na maneno haya:

"Kiongozi amefuata saa ya binti yake."