Kawa ya Sinia la Asya

Kengeja nzima yajua kuwa Bi Mwanabaraka hashoni kawa mbovu ya kufunikia chakula. Harusi ya mjukuu wake Asya ilipokaribia, alitangaza kisimani na hata msibani: sinia litakalokwenda kwa wakwe, Mgogoni, halitafunikwa kwa plastiki ya dukani.

Akaenda kulipima sinia kubwa. Lilikuwa na mikate ya kumimina, imerundikwa katikati. Hakutaka kuibomoa. Akapitisha uzi kando ya mikate, toka ukingo hadi ukingo, akaukata. Kwa kipimo cha uzi ule akashona kawa, ukili wa ukindu uliosukwa juu ya ukili, nyekundu na zambarau.

Alipoijaribu, kawa ikatumbukia ndani ya sinia. Wifi yake Kazija akaigeuzageuza.

"Wifi, hii kawa au kofia ya bwana harusi?"

Bi Mwanabaraka hakucheka. Kesho kutwa ndiyo Ijumaa ya harusi.

Akaitwa jirani yao, mwalimu Shamima. Alimwamkia bibi, akaliweka sinia tupu juu ya karatasi ya kaki, akachora ukingo wake, akakata duara. Akalikunja nusu kwa nusu, akalikunjua, akalikunja tena kwa upande mwingine.

"Tazama, bibi. Mikunjo imekutana hapa. Hiki ndicho kitovu cha duara."

Akaeleza kuwa toka kitovu hadi ukingo, popote pale, urefu ni mmoja. Huo huitwa nusukipenyo. Mkunjo unaopita kitovuni, toka ukingo hadi ukingo, ni kipenyo. Mstari usiopita kitovuni nao hufika ukingo wa pili, lakini daima ni mfupi kuliko kipenyo.

Bi Mwanabaraka akaunyoosha uzi wake juu ya mkunjo. Ukapelea.

"Kumbe mikate ndiyo iliyonipoteza," akasema. "Na mimi kawa kila siku naianza kitovuni."

Hakuifumua. Alikata uzi mpya wa kipenyo, akaongeza kidogo ili kawa ipite ukingo, akaendelea kuzungusha ukili. Kila mzunguko alipima mdomo wa kawa huku na huku, usije ukaenda upande.

Ijumaa sinia likaenda Mgogoni, kawa imetulia juu yake. Jioni sinia likarudi, kawa haikurudi. Mama mkwe kaipenda, ameomba abaki nayo. Tena ataka nyingine ya sinia lake la pili. Keshapima, na uzi ameutuma.

Bi Mwanabaraka akauangalia uzi, akamtupia jicho Kazija, akaurudisha.

"Mwambieni atoe chakula kwanza. Halafu uzi upite kitovuni."